Kelele za Mheshimiwa

Mdogo wangu Kitinda,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, miguu imepungua kuvimba, na huyo aliye tumboni bado anapiga mateke kama mtu anayegonga mlango wa ofisi iliyofungwa. Msalimie sana shemeji. Mwambie ndoo za maji abebe yeye, na akiwa na hoja ya kupinga aniandikie, maana unajua sijawahi kukosa nafasi ya kubishana. Mimi ni mzima. Mume wangu hajambo, ila goti lake linamlalamikia kila apandapo ngazi, naye huwalalamikia walioijenga ngazi. Salamu za Mama nimeziweka mwisho, na sina amani nazo.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba hii unaijua. Ukipiga chafya sebuleni, aliye jikoni anakuombea afya. Neno nililo nalo siwezi kulisema ndani ya kuta hizi, na nje sina utulivu wa kulisema. Kwa hiyo nimekaa kwenye chumba cha walimu, na wenzangu wamekwenda madarasani. Ukiona mwandiko umelala ovyo usidhani nilikuwa na haraka.

Unakumbuka barua yangu iliyopita, ile ya kujisifu. Nilikuandikia kwamba nimenunua mashine ya kufyonza vumbi, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, isiyo na mfuko ndani, ambayo vumbi lake huingia kwenye kopo la plastiki unaloweza kuona hadi ndani. Nilikueleza sababu pia. Mama alikuwa na kikohozi cha asubuhi, kidogo tu, na mimi nikaamua kwamba mkosaji ni zulia la marehemu Baba, ambalo kila ukilifagia linapandisha vumbi hewani kisha linalipokea tena. Nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu vumbi na mapafu. Nikamhutubia Mama mezani kwa siku kadhaa. Nikamwambia kwamba ufagio hauondoi vumbi, unalihamisha, na kwamba wanawake wa ukoo wetu wamekunja migongo miaka na miaka wakihamisha uchafu ule ule kutoka pembe moja kwenda nyingine.

Mama aliikataa mashine hata kabla sijaitoa kwenye boksi. Alisema ufagio wake haujawahi kuomba umeme. Alisema chombo kinachomwonyesha kila mgeni kilichomo tumboni mwake hakina haya. Mume wangu naye akaipa jina. Anaiita Mheshimiwa, kwa sababu inapiga kelele nyingi, inameza kila inachokikuta, na ikifanya kazi kidogo inachemka na kudai mapumziko. Hapo lazima nikubali ana haki. Waya wake ni mfupi, kila chumba unachomoa plagi na kuanza upya. Ukilimwaga kopo, nusu ya vumbi inaingia kwenye pipa na nusu inakurudia usoni. Chujio lake ni la kuoshwa na kuanikwa mpaka likauke kabisa, la sivyo mashine inakosa pumzi, inapata joto na kujizima yenyewe, na haiwaki tena mpaka ipoe. Nilizitetea kasoro zote hizo kama mtetezi wa serikali.

Kisha kikohozi kikaisha, na hilo nalo nilikuandikia. Mashine haijamaliza hata mwezi, Mama hakohoi tena mezani, hakohoi akisikiliza redio, hakohoi asubuhi akikunja shuka. Nilitangaza ushindi. Nilimwambia mume wangu mbele ya Mama kwamba Mheshimiwa ametimiza ahadi, tofauti na waheshimiwa wengine. Mama akacheka, akasema basi nimeshinda, nimwache apumzike na midomo yangu. Nami nikakuhakikishia kwa maandishi kwamba Mama ni mzima kabisa, aje kwako akupokelee mtoto, akuogeshee na kumlaza kifuani mwake kama ulivyomwomba. Kwa neno langu hilo ukaandaa kitanda chake ndani ya chumba cha mtoto.

Nivumilie, Kitinda. Nataka uione njia niliyopita, ili usidhani nimeokota jambo njiani na kulikuza, kama mnavyonisema.

Baada ya ushindi wangu Mama alibadilika. Yule yule aliyeitukana mashine akaanza kuiulizia. Asubuhi, kabla sijamaliza chai, anataka kujua kama leo siipitishi. Jioni nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, ananiambia nyumba imeshika vumbi vibaya. Nilifurahi mno. Nilimwambia fundi cherehani wa nyumba ya jirani, ambaye tangu mwanzo alisema nimenunua toroli la kupigia kelele, kwamba hata Mama ameongoka. Yule mama akanitazama juu ya miwani yake, akasema mtu wa umri ule haongoki kwa siku chache bila sababu, labda nimemroga. Nikamjibu kwamba nimemshinda kwa hoja, na kwamba si wote wanaohitaji kurogwa ndipo waelewe. Nilirudi nyumbani nikijisikia mrefu.

Lakini jambo dogo likaanza kunikera. Kopo lilikuwa tupu. Unapopitisha mashine kila siku, asubuhi na jioni, kwenye nyumba ya watu wazima watatu, hakuna tena cha kufyonza. Nililiinua kopo dirishani na kuona nyuzi chache za nywele na punje za sukari. Nikamwonyesha Mama. Akasema pengine mashine yangu imechoka, nipite tena, hasa pale mlangoni kwake, maana pale sipapiti vizuri. Nilipapita vizuri. Kila siku alisema sikupapita vizuri. Nikianza tu, yeye huingia chumbani na kufunga mlango, nami nikadhani ni kelele anazikimbia. Nikiwa kule sebuleni huniita nisogee huku. Mtu anayezikimbia kelele haziiti zimfuate mlangoni, na mimi ninayejidai kumkosoa kila mwandishi wa gazeti kwa kukosa mantiki, hilo sikuliona.

Niliona mengine nikayapa maelezo. Aliacha kusimulia hadithi ndefu, sentensi zake zikawa fupi, anazimeza katikati. Nikasema ni uzee. Alitembea na kikombe cha maji ya moto, akinywa funda dogo dogo. Nikasema ndiyo afya. Nguo zake zilianza kumpwaya, nikasema kwa heshima zote kwamba gauni lile lilikuwa kubwa tangu mwanzo. Sikukosa jibu kwa lolote.

Jumamosi moja asubuhi nililirudisha chujio kabla halijakauka, kwa sababu Mama alikuwa ameshaiulizia mashine na nisingependa kumchelewesha. Nilikuwa pale pale mlangoni kwake, nikilipitia zulia la ushoroba lisilo na hata unywele, mara Mheshimiwa akapiga mluzi, akakoroma na kuzimika. Kukawa kimya ghafla, kimya kile cha masikio kuendelea kuvuma. Ndani ya kimya hicho nikamsikia Mama anakohoa.

Hakikuwa kile kikohozi kidogo cha asubuhi, Kitinda. Kilitoka chini kabisa, kirefu, kinafuatana, kama mtu anayepasua turubai mbichi kwa mikono. Kilikuwa kimekusanywa. Alikuwa amekibana usiku kucha na asubuhi yote ili akitoe pale, chini ya kelele zangu. Kisha kikakatika katikati, maana naye alisikia kwamba mashine imenyamaza.

Nilisimama na mkono juu ya mashine, inaunguza. Yeye yuko upande wa pili wa mlango, nadhani ameziba mdomo kwa kanga, nasikia mbao za kitanda zikitikisika kwa jinsi anavyojizuia. Baadaye akauliza, kwa sauti nyembamba ya kujikaza, mbona nimeacha, umeme umekatika? Nikasema mashine imechemka. Akasema basi iache ipoe, nayo ina haki yake, ikipoa nipite tena hapo mlangoni kwa sababu bado pana vumbi.

Ilipopoa niliiwasha. Sikufyonza kitu. Niliunyanyua mdomo wa mashine juu hewani, nikaushika hivyo inanguruma bure, mpaka nilipoona atakuwa amemaliza.

Sababu zake unazijua, hata kama hakuna aliyekutamkia. Ulipozaliwa wewe, shangazi alikuja na furushi la nguo za mtoto, akakohoa mlangoni, na Mama akamzuia asivuke kizingiti. Alimpokea furushi dirishani na kumrudisha alikotoka. Kisa hicho tumekicheka maisha yetu yote, shangazi mwenyewe alikuwa akikisimulia na kuiga sauti ya Mama. Kwa hiyo Mama anaijua sheria ya bibi anayekohoa na mtoto mchanga, kwa kuwa ni yeye aliyeitunga. Wewe ndiye mtoto wake wa mwisho, umemsubiri mtoto huyu mpaka watu wakaacha kuuliza. Mama amefuma vikofia na blanketi, sanduku lake limefungwa na limesimama nyuma ya mlango. Hataki kuzuiwa dirishani.

Nina hasira, mdogo wangu. Nina hasira na familia yetu inayouficha ugonjwa kama nguo ya ndani iliyotoboka. Baba alikaa na maumivu yake mpaka hayakufichika tena, nasi tukasimama msibani kumsifu kwa uvumilivu. Ningeweza kuandika kurasa nzima juu ya uvumilivu huo na watu uliowazika. Nilishaanza kuiandika makala hiyo kichwani, ina vichwa vya habari na kila kitu. Kisha nikajiuliza, mwandishi wake anafanya nini kila asubuhi pale ushorobani?

Maana tangu Jumamosi ile sijasema kitu. Hili ndilo lililonifanya niandike. Mimi, ambaye mmeniita Mbishi tangu sijaota meno ya pili, nimejua na nimenyamaza. Kila siku Mama akiulizia mashine ninaiwasha, ninaipeleka mlangoni kwake na kuunyanyua mdomo wake juu. Nimejifunza kuhesabu kwa sikio ni wakati gani amepata nafuu. Kila chujio likilowa nalikausha kwa pasi ili mashine isizimike na kumwaibisha. Mume wangu ameniuliza mbona siku hizi ninakuwa mwangalifu hivyo na kitu cha bei rahisi, nami nimemfokea. Nilijiambia ninamhifadhia heshima yake. Uongo. Ninaogopa kitakachosemwa akipimwa. Ninaogopa pia kukuvunjia kitu ulichokisubiri. Wakati huohuo kikohozi kinarefuka. Jana nililazimika kuiendesha mashine mpaka plagi ikanuka.

Sasa nisikilize. Kitanda cha Mama kitoe kwenye chumba cha mtoto. Usikitupe, kiweke tu kando. Usimpigie simu kumuuliza, maana atakujibu ni mzima kabisa, kisha atakata ili akakohoe. Kama shemeji ameshamnunulia tiketi, mwambie aiahirishe, na asinilaumu wakati huu, atapata nafasi.

Mengine ni yangu. Kesho asubuhi atauliza kama siipitishi mashine. Sitaiwasha. Sitamhutubia wala kumshinda kwa hoja. Nitachukua kigoda, nikae ushorobani mlangoni kwake, nyumba ikiwa kimya, nami kimya, mpaka akohoe na ajue kwamba nipo na nimesikia. Baada ya hapo nitambebea mkoba na tutakwenda hospitali pamoja. Akinifukuza nitakaa. Akilia nitakaa. Nimefanya mambo mengi ya kelele maishani mwangu na sikuwahi kuogopa kama ninavyoiogopa asubuhi hiyo. Nikijua walichosema nitakuandikia siku hiyo hiyo, kikiwa chepesi au kizito, bila kupamba.

Kula vizuri, ulalie ubavu kama ulivyoelekezwa, na usilie mpaka tujue kama kuna cha kulilia. Mume wangu anakusalimu. Fundi cherehani anauliza kama ni wa kike au wa kiume ili ajue akate kitambaa gani; nimemwambia akate tu.

Mama anakusalimu sana. Asubuhi hii nilipokuwa natoka alifungua mlango kidogo, akaniambia nikikuandikia nisisahau kukwambia kwamba yeye ni mzima wa afya, usiwe na wasiwasi wowote. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mbishi