Nimeuitikia Ukelele Niliomkataza Mjukuu

Mshauri wetu, naomba msaada wako upesi, maana moyo wangu umechoka na daktari hanifichi. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huku Chumbi, sasa ni mtu wa kitandani. Mjukuu wangu Muzdalifa alikwenda studio Dar es Salaam na wimbo wake, na ndani yake mna ule ukelele tunaoupiga tukiamia ndege wasile mpunga, mmoja anaupiga toka kwenye dungu lake, kile kichanja cha kulindia shamba, na wa dungu la jirani sharti aitikie, ukelele hauachwi ukaanguka. Mwenye studio akamwambia, "Dada, toa hiyo kelele ya shamba, redio zinataka mdundo kama wa wenzako," naye akaja kuniuliza, nami msomi mzima nikamwambia atii, nikihofia asife maskini. Wimbo ukapigwa redioni, nikasikiliza mabinti watatu mfululizo nisijue yupi wangu!

Muzdalifa akarekodi upya kwingine, ukelele ukiwemo, na mwezi huu redio imeupiga. Mkwe wangu Sihaba alikuwa sokoni Kibiti, anasema wauza mchele waliitikia wote kwa pamoja, hata makondakta wakatoa vichwa madirishani. Nami hapa, nisiyeweza kuinua kikombe, nikaitikia kwa nguvu. Mwanangu Zaidi akaingia mbio: "Baba, kumbe pumzi unazo! Uji tu ndio unakushinda?" Nikamdanganya kuwa nimeota.

Sasa yule mwenye studio wa kwanza amerudi, anataka kuuza wimbo huu kwa kaseti, ila ukelele ukatwe. Zaidi anasema tukubali. Muzdalifa anasema atafuata neno la babu. Nimwambie nini kabla sijafa?

Mshamu, Chumbi

Mzee Mshamu, pole kwa maradhi, lakini kwa hili sikupi pole. Uliposahihisha insha, uliwapa alama walionakili kwa jirani? Mbona kwa mjukuu ulitaka nakala? Na huyo bwana amerudi kufuata wimbo upi? Ule usio na ukelele anao, umemfikisha wapi? Soko zima limekwisha kujibu, wewe bado unaniuliza mimi!

Mwite Muzdalifa leo, Zaidi akiwepo, ukiri kwamba hukuota. Kisha Zaidi huyohuyo amsindikize mjini, wakasaini kwa maandishi kuwa wimbo utatoka mzima. Bwana yule akikataa, waage kwa adabu, studio siku hizi zimejaa.

Na kabla Muzdalifa hajaondoka, mwambie asimame mlangoni aupige ukelele. Uji utasubiri. Itikia.