Jiko Lililowashwa Mwaka Ukiisha

Dada Claudette,

Huku Maine theluji imefika dirishani, na wewe huko Florida najua umevaa kaptura. Sisi wazima, ingawa Armand nusura anitie wazimu.

Lile jiko la kuni la kupashia nyumba joto tulilinunua Oktoba, likakaa sebuleni ndani ya boksi. Mume wangu huyo alidhani risiti inatosha kupata nafuu ya kodi. Kumbe kinachohesabiwa ni siku fundi anapolifunga jiko mahali pake, na mwaka mpya ukiingia nafuu yenyewe inafutwa. Akawapigia mafundi wote, wote wana kazi hadi Februari. Akabaki Roland, ndugu yake, ambaye hawajasemezana tangu tumzike mama yao.

Nikampigia mimi. Akaja siku ya mwisho ya mwaka, asubuhi.

"Shemeji, mwambie mumeo asogeze miguu."

"Delphine, mwambie fundi wako bomba limepinda."

"Mwambie kilichopinda ni shingo yake."

Nikawa mkalimani wa watu waliolala kitanda kimoja utotoni. Mchana moto ukawaka, Roland akaanza kukusanya vifaa vyake. Armand akalitazama jiko, akasema taratibu, "Mama angelipenda jiko hili. Miaka ile ya mwisho baridi ilimtesa."

Roland alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, akavua koti, akamuuliza Armand mwenyewe, "Pai ya nyama ipo?"

Waliimaliza yote. Mimi niliambulia mkate, na sikulalamika.

Mdogo wako asiyesikia baridi tena,
Delphine