Asisome Nadine

Makere, Kasulu

Dada Niyonsaba,

Huku mvua hazikatiki, maharage yanaozea shambani. Shule yetu imekuwa ya kwanza kata nzima, darasa langu la pili wamefaulu wote. Mwalimu mkuu kapewa cheti, sisi wengine tukanywa soda. Nimechoka tu.

Barua hii nimempa katekista Nestori anayekuja huko Kibondo. Akusomee yeye, asisome Nadine. Ile niliyompa huyo mwanao aje nayo likizo alikusomea, ukanipigia simu kunishukuru kwa salamu ndefu. Sikuandika salamu, dada. Niliandika kwamba Nadine hajui kusoma.

Usimchape. Jina lake kwenye orodha ya waliofaulu nililiweka mimi.

Mdogo wako,
Apoline