Uongo Niliomwambia Afisa Afya

Mkuyuni, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti siwezi kuiondoa masikioni: filimbi nyembamba iliyokuwa ikitoka kifuani mwa Mama Sado kila alipovuta pumzi. Naisikia nikipiga mswaki, naisikia kanisani watu wakiimba. Nisamehe kwa kuanza hivi kabla ya kukujulia hali. Goti linaendeleaje? Na Mama, presha imetulia? Mimi mwili ni mzima.

Mama Sado alikuwa mshonaji wa nyavu hapa dukani kwa rafiki yako Mzee Kulwa. Tulikaa chumba kimoja: yeye na sindano yake, mimi na kompyuta, Mzee na sigara zake. Tangazo la kukataza kuvuta sigara ndani lipo ukutani. Mzee alilibandika mwenyewe, akawa anavutia chini yake. Wadudu wa ziwani wakija kama wingu tunafunga madirisha yote, na moshi tunabaki nao mpaka jioni.

“Wewe uliyesoma, mwambie,” Mama Sado alikuwa akininong'oneza. “Sheria si unaijua?”

Naijua, Baba. Lakini nilimwamkia Mzee kila asubuhi kama ninavyokuamkia wewe, na kazi hii wewe ndiye uliyeniombea. Tena nimesomeshwa kwa tumbaku ya shamba letu. Nilijiona sina mdomo wa kusema.

Mwezi uliopita alikuja afisa afya, dada wa rika langu. Akauliza kama watu huvuta sigara humu ndani. Mzee akacheka.

“Muulize msomi wetu. Huyu hajui kudanganya, namjua baba yake.”

Nikasema, “Hapana, wanavutia nje.”

Yule dada akaandika, akaaga. Mama Sado hakuinua uso kwenye wavu.

“Umesema vizuri, mwanangu,” aliniambia. “Hata mimi nilikaribia kuamini.”

Wiki mbili baadaye, saa nane mchana, wadudu walikuja, tukafunga madirisha. Mzee na wageni wake wawili wakawasha. Mama Sado aliinuka kwenda mlangoni, hakufika. Nilimpakata kwenye bajaji mpaka hospitali, kichwa chake begani kwangu, ile filimbi sikioni. Siku ya tatu alifariki. Daktari alisema alikuwa na pumu ya miaka mingi, na moshi ulimzidishia. Mzee huwasimulia watu ile sehemu ya kwanza tu.

Msibani Nyegezi mumewe alinishika mikono yote miwili. “Asante, binti, kwa kumbeba mke wangu.”

Nikamjibu, “Pole, Baba Sado,” nikapokea chai yake, nikainywa yote. Tangu siku ile siwezi kukaa chumba chenye dirisha lililofungwa, hata mvua ikinyesha.

Nisalimie Mama, na shangazi Kabula wa vitumbua. Kaka Maganga mwambie ajifunge kitambaa puani akiingia kwenye bani kukausha tumbaku, asinicheke.

Huenda Mzee Kulwa ameshakupigia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungekata. Najua urafiki wenu ni wa tangu ujana, na najua unaweza kunikasirikia kwa muda mrefu. Jana asubuhi nilikwenda ofisini kwa yule afisa afya, nikaandika maelezo kwamba nilisema uongo, nikayasaini kwa majina yangu yote, na lako likiwemo. Nikarudi dukani, nikamweleza Mzee nilichoandika, nikamkabidhi funguo. Kisha nikaenda Nyegezi. Baba Sado alinisikiliza akiwa amesimama mpaka nikamaliza, akaingia ndani. Mlango hakuufunga, wala hakunikaribisha.

Mwanao,
Nyamizi