Nilianzia Kitabu cha Tatu

Mpendwa Keji,

Huku Juba tu wazima. Mjomba wako bado anauza sabuni sokoni Sherikat, na mguu wangu sasa unanifikisha kanisani.

Umeniuliza kama unaweza kuanza na kitabu cha nne cha hizo riwaya za upelelezi wa zama za wafalme, maana ndicho rafiki yako alichokuazima. Anza tu, mama.

Mimi nilianzia cha tatu. Nilikuwa msichana, tuko ukimbizini Uganda. Wanawake tulimenya karanga pamoja huku mmoja akitusomea. Wenzangu walishasikia viwili vya kwanza, mimi ndiye mgeni. Mpishi wa mfalme alipouawa kitabuni, nikasema muuaji ni yule mganga mzee wa humo, kwani yeye ndiye mwenye ufunguo wa jiko. Wakanikasirikia.

"Nyamaza, wewe humjui."

Kumbe ni yeye. Nilijivuna wiki nzima.

Baadaye nikavipata vile viwili. Humo nikamkuta mganga amembeba mpishi huyohuyo mgongoni alipougua. Niliporudia cha tatu nilisoma polepole, nikiomba asiwe yeye.

Haboba wako, bibi anayekupenda