Boke, Niliwaambia Wewe ni Mgonjwa

Boke wangu,

Kikombe tulipata. Wasichana wa Homa Bay walioimba vizuri kuliko wote mwaka huu, ndivyo walivyotutangaza. Nilipanda kukichukua peke yangu. Wewe ulikuwa na majuma matatu kaburini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho, mimi Mjaluo wa Uriri na wewe Mkuria wa Kehancha, tukipigiana kelele juu ya cherehani pale Homa Bay dukani kwa fundi. Tulianza kuimba ili kazi isituchoshe tu. Ulisema, "Achieng, sauti yako iko juu, mimi nitakaa chini yako." Hata homa ilipokulaza hospitalini, uliniuliza kama pindo la gauni langu nimelimaliza.

Nililimaliza. Nilifika nalo Nairobi, lile la manjano ulilokata mwenyewe. Mama mmoja wa televisheni akaligusa kwa vidole viwili, akasema manjano haina faida, ndani ya televisheni kila rangi huonekana kijivu. Wakanivika gauni la kumetameta la mtu mwingine, kubwa, wakalibana mgongoni kwa pini. Wakanipaka poda mpaka nikapiga chafya. Mlangoni watu walikuwa wanasukumana kuona wanaoshuka kwenye magari, wakampigia makofi hata dereva. Ungecheka sana. Mimi sikuwa na mtu wa kumtazama ili tucheke.

Kabla sijapanda jukwaani, bwana mmoja wa tai akaninong'oneza: "Usitaje kifo, dada. Watu wanatazama majumbani mwao, wanafurahi." Halafu mtangazaji, mbele ya zile taa kali, akaniuliza, "Na mwenzako Boke je?"

Boke, nilicheka. Nilionyesha meno yote. Nikasema, "Ni mgonjwa kidogo. Anawasalimu."

Wakakupigia makofi.

Niliporudi nilipeleka kikombe kwa mama yako. Kule kwenu hakuna aliyeiona televisheni, ningeweza kumwambia lolote. Akaniuliza, "Jina ya mtoto yangu walisikia?" Nikashindwa kumdanganya na yeye. Nilimwambia yote, na yale maneno niliyosema. Akakiweka kikombe juu ya kigoda. Kisha akasema, "Kwa hivyo huko wanangoja apone."

Akaingia ndani. Kikombe kikabaki juu ya kigoda, uani, kuku wakikizunguka. Hata chai hakunipa, na wewe unajua mama yako hakuwahi kuninyima chai. Nilingoja kidogo. Nikaondoka.

Dukani fundi ameweka mtu mwingine kwenye cherehani yako. Ni msichana mzuri, mpole, hana neno. Haimbi. Nikianza wimbo naufikisha pale unapoingia wewe, basi naacha. Watu wakipita barabarani wananiita staa, wananiuliza Nairobi kukoje, na mimi nawasimulia magari na taa. Wakishaenda nakaa tu na kitambaa mkononi.

Na sasa zimeanza kuja barua. Watu wa televisheni wamezifunga kwa kamba wakazituma posta ya hapa. Zote ni zako. "Pole, Boke." "Boke, kunywa supu ya moto." Mzee mmoja anasema mke wake anakuombea kanisani kila Jumapili. Msichana wa shule huko Nakuru amekuchorea ua, akauliza utaimba tena lini.

Nilitaka kuzichoma. Nilizishika hivi, jiko likiwaka. Nikashindwa, kwa sababu hakuna mahali pengine duniani ambapo bado uko hai.

Lakini mama yako alisema kweli. Huwezi kumwacha mtu akimwombea mgonjwa ambaye ameshazikwa. Jana nilimwandikia yule mzee. Leo nimemwandikia msichana wa Nakuru, nikairarua barua, nikaandika tena. Nakuahidi, Boke, nitawajibu wote, mmoja mmoja, kwa mkono wangu. Nitawaambia ulikufa, ni lini, ulizikwa kwenu Kehancha, na kwamba niliwadanganya. Nikimaliza nitakwenda kumwambia mama yako, anipe chai au asinipe.

Lala salama, dada yangu. Nimebakiza barua kumi na tano.

Achieng