Ford Nyuma ya Kanisa

Toledo, 2 Februari 1986

Shangazi Bronia mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yako yanaendeleaje na theluji hii? Sisi hatujambo, ila mume wangu Ray ana mafua, na anaumwa kama wanaume wanavyoumwa, utadhani yeye ndiye wa kwanza duniani kupiga chafya. Asante kwa maandazi ya jemu. Tuliyamaliza siku hiyohiyo, Kwaresima haikuyakuta.

Nakuandikia jambo usilolipenda, kwa hiyo kaa kitako kwanza. Baba Mkubwa Kazik hatafika kiangazi. Mapafu yamekwisha, daktari kaniambia bila kuzungusha. Nakwenda kumwona kwenye nyumba ya wazee kila nikitoka kazini, na ana ombi moja tu: azikwe Flint, karibu na Bibi. Nafasi ile ya kaburi iko kwa jina lako. Bila sahihi yako padre hawezi kuchimbisha hata shimo la kupanda ua.

Najua, Shangazi. Hadithi hii nimelishwa pamoja na uji. Wakati wa ule mgomo mkubwa wa viwanda vya magari mtu alipeleka majina ya wenzake kwa mabosi, na mumeo, marehemu Ignac, akapigwa mpaka akapoteza jicho. Mgomo ulipokwisha Baba Mkubwa akatokea na gari jipya, na mtaa mzima ukasema hayo ndiyo malipo yake. Wewe ukamfukuza, akaja huku Toledo, na hamjasemeshana tena.

Lakini nimepata picha. Ilikuwa kwenye kopo lake la tumbaku, peke yake. Amesimama kando ya hilo gari, kofia upande, theluji miguuni. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, na mimi naona ni Ford ya 1936. Taa zimekaa juu ya madigadi. Mgomo ulianza siku za mwisho kabisa za mwaka 1936. Kama gari alikuwa nalo kabla, malipo yanatokea wapi? Nakutumia nakala. Itazame, nakuomba.

Mwanao,
Lottie


Flint, 11 Februari 1986

Lottie mwanangu,

Milele amina. Magoti ni yaleyale, yananipeleka kanisani na kunirudisha, sidai zaidi. Mwambie Ray anywe maziwa ya moto yenye kitunguu saumu na aache kujililia.

Picha nimeiona. Mwanangu, wewe umezaliwa Toledo, ndiyo maana macho yako hayajui gari. Mimi nimeshona viti vya magari mpaka vidole vikapinda. Hebu itazame tena. Taa hazijakaa juu ya madigadi, zimelala ndani yake, kama yai ulilolikandamiza kwenye unga. Ford ya 1936 taa zake zilitokeza nje kama macho ya chura. Kisha tazama kioo cha mbele. Kina vipande viwili na kimechongoka katikati. Cha 1936 kilikuwa bapa. Hiyo ni Ford ya 1937, hata nikiwa nimefumba macho. Haya, hongera, umemfunga kamba mwenyewe.

Na unajua maana ya Ford katika nyumba hii? Sisi mkate wetu ulitoka kwa Buick, kiwanda cha magari cha hapa Flint. Mtu wa Buick akinunua Ford, gari la wapinzani, hata mbwa wa mtaa walimbwekea. Ndiyo maana huyo mtu aliificha kusikojulikana, mpaka Machi, siku ya ubatizo wa mwanangu Stefan, akaiegesha mbele ya kanisa inang'aa. Na mimi natoka na mtoto mkononi, na Ignac kando yangu kafungwa kitambaa usoni! Miezi miwili kabla nilikuwa nabeba ndoo za supu kuwapelekea wagomaji, tumbo mbele, kofia nyekundu ya kikosi cha wanawake kichwani, mabomu ya machozi yanalia. Halafu yeye anashuka kwenye gari jipya, ananipa pole.

Sitii sahihi. Mkija Pasaka, Ray aiache Ford yake nyuma ya kanisa kama siku zote. Nina majirani.

Shangazi yako,
Bronia


Toledo, 27 Februari 1986

Shangazi mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai barua hii inakukuta mzima na bado una hasira, maana ukiwa na hasira najua u mzima. Ray kapona. Anasema nyuma ya kanisa lenu anapafahamu kuliko nyumba yako.

Umenishinda kwenye taa, nakubali. Nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Ni Ford ya 1937, na nimekwenda kuhakikisha kwenye mkutano wa wapenzi wa magari ya zamani. Kuna mzee mmoja analo kama hilo, alinifungulia kila mlango kama dalali. Nikamuuliza swali ambalo ningekuuliza wewe: gari la 1937 liliingia madukani lini? Akasema Novemba 1936. Novemba, Shangazi! Kabla ya mgomo, kabla ya jina la mtu yeyote kupelekwa popote.

Nilimwambia na Baba Mkubwa. Nikamwambia, "Jitetee basi, mzee, sema neno!" Akacheka mpaka akakohoa, nesi akanifokea. Alipopata pumzi akasema, "Dada yangu ana macho mawili mazuri kuliko ya wote. Kama hayakuona, mdomo wangu utaongeza nini?" Akaomba supu ya kabichi. Huko wanampa supu ya kopo. Hawezi tena kutembea mpaka dirishani.

Mimi siachi, ujue.

Mwanao,
Lottie


Flint, 6 Machi 1986

Lottie,

Milele amina. Sijambo.

Kila mtoto wa Flint anajua kwamba gari la mwakani hutoka majani yanapopukutika. Hukuwa na haja ya kwenda kufunguliwa milango na wazee wa watu. Swali si lilitoka lini, swali ni yeye alilipata lini. Theluji hiyo ni ya Novemba au ya Februari? Imeandikwa tarehe? Namba ya gari ingetuambia mwaka, na yeye kasimama palepale kwenye namba, mguu mbele, kama mwizi aliyezoea.

Na pesa? Kijana wa mshahara ule aipate wapi Novemba? Hata kodiani ya baba yetu, kile kinanda chake cha mkono, ilipotea nyumbani majira hayohayo. Nilimuuliza, akaniambia ameiuza. Nikajua kainywa.

Mama yetu alikufa wiki ya pili ya Desemba, kabla ya mgomo, kabla ya aibu ile. Nashukuru Mungu hakuiona Ford hiyo. Angekufa mara mbili. Basi, usiniandikie tena habari hii. Niandikie habari za watoto.

Shangazi yako,
Bronia


Toledo, 15 Machi 1986

Shangazi mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Watoto hawajambo, mdogo kang'oka jino. Hizo ndizo habari za watoto.

Sasa habari yangu. Nakala niliyokutumia ilikuwa hafifu. Nimepeleka picha yenyewe kwa mpiga picha wa hapa mjini, nikamwambia akuze sehemu ya dirisha la nyuma, maana nilikuwa naona kama doa jeupe. Si doa. Kuna mtu amekaa ndani ya gari. Ni mwanamke mzee, kitambaa kichwani, uso umeingia kivulini, lakini mkono ameuweka kwenye kioo kama anayeaga au anayejishikilia. Kidole cha kati hakina ncha.

Mimi simjui. Bibi alikufa kabla sijazaliwa, na Baba alikuwa mtoto mdogo wakati huo, hakuwahi kunisimulia sura yake. Sikuulizi kitu, Shangazi. Nakutumia tu.

Mwanao,
Lottie


Toledo, 8 Aprili 1986

Shangazi yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakujulia hali kwa mara ya tatu; kadi ya Pasaka hukujibu, na simu yako inalia mpaka inachoka. Nilimpigia padre, akasema u mzima, amekuona kwenye misa, ila unatoka kabla ya baraka. Hapo nikaogopa zaidi. Wewe hujawahi kutoka kabla ya baraka.

Kama umekasirika, nikaripie. Nimezoea. Kunyamaza kwako ndiko nisikokuweza.

Baba Mkubwa amepakwa mafuta Jumapili. Bado anajitambua. Nilimpelekea ile picha iliyokuzwa, nikamshikia mbele ya macho. Akaigusa pale penye mkono, akasema, "Alhamisi." Nikamuuliza Alhamisi ya nini. Akageukia ukutani, akasema aliapa. Wewe unajua ni Alhamisi gani?

Daktari anahesabu kwa siku sasa. Nikikosa sahihi yako atazikwa huku, kwenye makaburi ya watu asiowajua, na mimi nitampeleka, wala sitakulaumu mbele ya mtu. Lakini sitaacha kukuomba mpaka mlango ufungwe.

Mwanao,
Lottie


Flint, 10 Aprili 1986

Lottie mwanangu,

Milele amina, milele na milele. Barua hii nampa mtoto wa jirani anayekuja Toledo leo, sitaki kungoja posta. Simu nimeshindwa. Kila nikiinua nikifikiria nitaanzaje, narudisha.

Mkono ule ni wa Mama.

Kidole kile kilikatwa na mashine ya kusagia nyama kwenye bucha la Wozniak, mimi nina miaka tisa, nikakifunga kwa aproni yangu na kumkimbiza nyumbani. Ningekijua hata gizani. Picha yako ilipofika nilikuwa nimesimama jikoni. Nilikaa chini sakafuni, na kwa magoti haya kuinuka ilikuwa kazi ya mchana mzima.

Hata hivyo sikukuamini wewe wala macho yangu. Unanijua. Nikasema nitamtafuta aliyeipiga hiyo picha. Nyuma ya gari kuna banda lenye mlango mwekundu, kwenye picha umetoka mweusi tu, lakini mimi naukumbuka. Ni banda la Hudak, kule Burton, nje ya mji. Hudak ameshakufa. Mjane wake Ilonka yupo kwa binti yake, na kumpata kumenichukua majuma mawili, maana binti ameolewa mara tatu na kila mara anahama. Nilipofika, Ilonka alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Bronia Jasinska! Miaka yote hii ndiyo unakuja kuuliza?"

Sikiliza alichoniambia. Mama alikuwa na uvimbe tumboni tangu kiangazi cha 1936. Mimi nilikuwa na mimba ya Stefan, na mbili kabla yake zilitoka, unajua hilo. Mama akamwapisha baba yako mkubwa, tazama, nimeandika baba yako mkubwa, nina maana kaka yangu. Akamwapisha kaka yangu asinieleze kitu, nisije nikashtuka nikampoteza na huyu. Dawa ilikuwa hospitali ya Ann Arbor, kwa mashine za mionzi. Safari za basi zilimtapisha. Kazik akauza kodiani, akatoa malipo ya kwanza, akachukua Ford kwa mkopo kwa sababu dalali wa Ford ndiye peke yake aliyekubali. Akaificha kwa Hudak ili wa Buick wasimtoe roho na mimi nisiulize. Kila Alhamisi alimpeleka na kumrudisha. Mama alinidanganya kwamba anashona vitambaa vya altare kwenye parokia ya Wahungaria. Kabla ya kurudi nyumbani alikunywa chai jikoni kwa Ilonka mpaka uso upate rangi, ndipo aje kwangu kunisifia shughuli ya vitambaa! Alhamisi moja kabla hawajaondoka Ilonka akawapiga picha. Majuma mawili baadaye tukamzika.

Na mimi nilikuwa nimemwambia mwanawe kwamba amekunywa kodiani.

Nani alipeleka majina, Lottie, sijui, na nadhani nitakufa sijui. Tulikuwa na ushahidi mmoja tu, gari jipya. Mimi, niliyejua gari la mwakani hutoka lini, mimi niliyejua kuliko wanawake wote wa mtaa ule, sikuuliza ni lini. Inaniuma, sikufichi. Inaniuma kuliko magoti.

Sasa yatosha kulia, sikiliza kazi. Karatasi ya padre nimeitia sahihi, imo humu ndani. Nafasi ni yake, mkono wa kulia wa Mama. Lakini sitaki kumpokea kwenye sanduku kabla sijamwona kitandani. Mwambie Ray anifuate Jumamosi asubuhi. Na asiegeshe nyuma ya kanisa! Aje na hiyo Ford mpaka mlangoni kwangu, apige honi, na asizime mpaka jirani yangu Kowalczyk wa ng'ambo ya barabara atoke barazani. Nitakaa nyuma, upande wa dirisha. Sijawahi kupanda Ford maishani mwangu, kwa hiyo aendeshe taratibu. Nitakuwa na sufuria la supu ya kabichi mapajani.

Mwambie Kazik asithubutu kufa kabla sijafika. Kama kiapo chake kwa Mama bado kinamfunga, anyamaze tu, anipe mkono. Mimi ndiye nitakayesema.

Dada yake,
Bronia